Tumbo Moja, Wenyeviti Wanne

Kwa wakwe zangu hapa Ntobeye hakuna jambo linalopita bila kikao. Kuuza mbuzi ni kikao, kubadili kufuli la ghala ni kikao, na kuna jioni nzima iliyoishia kwenye kesi ya jogoo aliyekuwa akiwika saa sita usiku. (Hukumu: aliliwa.) Kwa hiyo ujauzito wangu wa pili ulipofika mwezi wa sita, sikushangaa kukuta viti vimepangwa sebuleni na Mzee, baba mkwe wangu, amevaa koti. Ajenda ilikuwa moja tu: nitajifungulia wapi. Wajumbe walikuwa wanne. Mimi niliitwa kuleta chai.

Mzee alifungua kikao kwa kutaja Murgwanza, akanyamaza, kama vile mjadala umekwisha. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa, na Murgwanza ni hospitali ya Kanisa lake, iliyobeba wilaya ya Ngara kwa miaka mingi kama hospitali teule. “Pale ndipo nilipopasuliwa ngiri,” alisema, “na mpaka leo nabeba magunia.” Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ngiri na mtoto havitokei mlango mmoja.

Mama mkwe alikohoa. Yeye ni Mkatoliki, alikubali kuolewa upande wa pili lakini rozari hakuiacha, na watoto wake wote walizaliwa Rulenge. Mume wangu mwenyewe ni wa mwisho wa Aprili 1994, wakati ule ambapo watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. “Barabara imejaa watu, ng’ombe na magodoro,” alisimulia, “na mimi nasukumwa kwenye gari la misheni, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye rozari. Nikafika, nikazaa. Leo barabara ni nyeupe, halafu mnaniambia Rulenge ni mbali!” Hoja hiyo ilikaa mezani muda mrefu, maana aliyezaliwa safari ile alikuwa amekaa pale pale akinywa chai.

Naye alikuwa na hoja yake: Nyamiaga, hospitali ya wilaya, mali ya serikali. “Huduma za wajawazito kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, ndiyo sera,” alisema, kwa sauti ya mtu ambaye fedha hiyo ameshaipangia kazi nyingine. Kazi yenyewe niliigundua baadaye, juu ya paa.

Mjumbe wa nne alihudhuria kwa simu iliyowekwa juu ya sahani ya bati ili sauti itoke vizuri. Ni wifi yangu, anaishi Mwanza, na kwake hospitali ni Bugando, nyingine zote ni mahali pa kupatia Panadol. Alikumbushwa kwamba kutoka Ngara mpaka Mwanza ni siku nzima ya basi, kwa tumbo la miezi tisa. “Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025,” alijibu. “Kungoja kivuko kumekwisha. Mnataka nini tena?” Sahani ikatetemeka. Kikao kikaahirishwa, vikombe nikakusanya mimi.

Siku ya kliniki nilikwenda zahanati na kadi yangu. Nesi wetu si mtu wa maneno mengi. Alifungua ile kadi kwenye ukurasa wenye orodha ambayo wengi wetu huipita kama tangazo la ukutani: umri chini ya miaka 20, mimba ya tano au zaidi, kimo chini ya sentimita 150, kisukari, ugonjwa wa moyo, kondo la nyuma kukwama uzazi uliopita. Akateremsha kalamu taratibu mpaka penye neno “kupasuliwa”, akaweka alama ya vema, akaikoleza mara mbili hadi karatasi ikataka kutoboka. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji.

“Hapa kwangu huzalii,” alisema. “Wenye mimba zisizo na alama kwenye ukurasa huu nawapokea usiku na mchana. Wewe una kovu kwenye mfuko wa uzazi. Wenye kovu moja wengi hujifungua salama, hata kwa njia ya kawaida, lakini kwa takriban mmoja kati ya 200 wanaojaribu njia hiyo kovu huachia katikati ya uchungu, na hapo zinahesabiwa dakika.”

Nikamweleza habari za kikao: Waanglikana, Wakatoliki, serikali na Bugando. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema maneno ambayo ningekuwa na kipaza sauti ningeyatangaza mnadani: “Dini ya hospitali haishoni kovu. Hospitali unaichagua kwa maswali manne. Chumba cha upasuaji kinafanya kazi hata usiku? Damu ipo? Mtu wa dawa za usingizi yupo, au anafuatwa nyumbani kwake? Na kutoka kitandani kwako mpaka pale ni muda gani, mvua ikiwa inanyesha?”

Alinieleza pia kwamba siku hizi hata baadhi ya vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji, kwa hiyo jina kubwa peke yake si kigezo. Bugando ni ya kanda. Huko anapelekwa mwenye tatizo lililowashinda wa wilaya na wa mkoa, kwa barua ya rufaa. Halafu tukajaza mpango wangu wa kujifungua: mahali, usafiri, akiba ya fedha, wa kunisindikiza, wa kubaki na mtoto, na watu wawili wa kuchangia damu. Akasisitiza nikifikisha wiki ya 38 nisogee Ngara mjini, nikae kwa ndugu karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya mama ngojea palipo nayo. Mwisho akaandika namba nyuma ya kadi: 115. “Hii haina vocha wala kikao,” alisema.

Nyumbani niliusoma mpango ule kwa sauti. Wakausikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza matangazo ya ndoa za parokia nyingine, kisha wakarudi kwenye Murgwanza na Rulenge. Suala la kusogea mjini wiki ya 38 lilipata jibu la pamoja, jambo la nadra kwenye nyumba ile: “Tumalize maharage kwanza.” Ilikuwa Januari, mavuno yamepamba moto, na mikono yangu ilihesabiwa.

Nilikuwa nimeandaa begi. Ndani mlikuwa na mpira wa kujifungulia, glovu, pamba, nyembe, kamba za kitovu, doti mbili za khanga mpya, nguo za mtoto na beseni la bluu. Begi lilikaa chini ya kitanda, na nyumba nzima ikalichukulia kuwa duka la dharura.

Doti ya kwanza ilikwenda harusini Kabanga mgongoni kwa wifi, aliyekuja kula Krismasi akakuta gauni lake limebana. Ya pili ilifunikia maiti ya jirani. Hiyo sikuweza kuidai. Nyembe Mzee alinyolea ndevu. Beseni nililikuta jikoni limejaa maharage yaliyolowekwa, na mama mkwe akashangaa kwamba naulizia beseni wakati mtoto hajazaliwa. Glovu mbili zilipulizwa zikawa maputo ya mwanangu. Ndipo nikainua macho nikaona paa la banda la ng’ombe linameremeta: akiba ya usafiri ilikuwa imegeuka bati, geji 30, za msauzi. “Mtoto akizaliwa atahitaji maziwa,” alieleza baba mtoto, “na ng’ombe akinyeshewa hatoi.” Ukiisikiliza haraka, ni hoja ya maana kabisa.

Usafiri ulibaki wa mpwa wa Mzee mwenye bodaboda, aliyelipwa kabisa na kuapa kwamba atalala na ufunguo mkononi. Wachangia damu wawili waliandikwa: mume wangu na binamu yake, mwanamume wa kubeba gunia la kahawa peke yake, ambaye tulikuja kujua kwamba akiona sindano huzimia.

Chupa ilipasuka saa nane za usiku, mvua ikipiga bati zetu mpya. Nilimwamsha mume wangu. Akamwamsha baba yake. Baba yake akavaa koti. Kabla sijamaliza kuvaa kandambili nikasikia viti vinavutwa sebuleni. Naapa: waliitisha kikao. Bodaboda alipigiwa simu akapatikana kwenye shughuli ya mahari ng’ambo ya wilaya, sauti yake ikionyesha kwamba pombe ya ndizi ilikuwa imemtangulia. Mama mkwe akasema basi litafutwe gari la kwenda Rulenge. Mzee akasema kwa gari hilo hilo kwa nini isiwe Murgwanza. Mume wangu akasema Nyamiaga, jamani, Nyamiaga. Simu ya Mwanza ikawekwa kwenye sahani.

Nilikaa kwenye kona ya kitanda, nikageuza kadi, nikapiga 115.

Akapokea dada mmoja mwenye sauti tulivu. Hakuuliza dhehebu. Aliuliza niko kijiji gani na alama gani ya barabarani inajulikana, mimba ina miezi mingapi, chupa imepasuka saa ngapi, maji yana rangi gani, natoka damu, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, mtoto anacheza, nimewahi kupasuliwa. Nilipojibu la mwisho nikamsikia anaandika kwa kasi. Akaniambia dereva atapiga simu, nisitembee, nisile kitu, nichukue kadi. Mpango huu unaitwa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Sengerema, kabla ya kusambaa nchini. Likiwapo gari la wagonjwa karibu, linatumwa hilo. Lisipokuwapo, anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake analipwa kwa simu, haimhusu mgonjwa. Hospitali inajulishwa kabla hujafika.

Taa za Noah zilipomulika dirishani, kikao kilikuwa bado kinaendelea. Dereva akasimama mlangoni, analoa, akasema, “Nimeambiwa nimchukue mama mwenye kovu, na nimeambiwa pa kumpeleka.” Nyumba ile haijawahi kunyamaza vile. Wenyeviti wanne walipigiwa kura na mtu wasiyemjua.

Ndipo mume wangu akakumbuka mpira wa kujifungulia. Ulikuwa uani, umefunikia maharage tangu wingu la jioni. Alitoka mbio kwenye mvua, akauvuta, akaukunja, akaurusha garini. Mama mkwe akapanda na rozari, Mzee akakaa mbele na koti lake, na mwenye mke akabanwa nyuma kabisa kwenye tairi la akiba.

Mkunga alinipokea vizuri, akaniuliza vifaa. Nikampa mpira. Aliukunjua juu ya kitanda kwa mkupuo mmoja, na maharage yakamwagika sakafuni, yakirukaruka hadi chini ya kabati la dawa: ya njano, ya soya, na mengine yameshaanza kuota. Aliyatazama, akanitazama. “Haya ni ya kupanda au ya kula?” aliuliza, huku akipima mapigo ya mtoto. Wiki nzima wodini niliitwa Mama Maharage.

Uchungu haukusonga. Alfajiri daktari alisema hatungoji kovu liseme lenyewe, nikaingizwa upasuaji. Binamu alizimia mlangoni kwa watu wa damu kama ilivyotabiriwa. Mzee alijitolea akaambiwa umri umepita, akaumia moyo kuliko nilivyoumia mimi mshono. Mume wangu ndiye aliyelala akatoa, na kwa kitendo hicho nikamsamehe bati. Mtoto ni wa kike, kilo tatu na robo.

Hospitali gani? Jina nabaki nalo. Mzee husimulia kwamba ndiyo aliyoitaka, mama mkwe anasema alikuwa akiwasubiri tu wafikie akili yake, na wifi anasema Bugando wangemaliza mapema. Wakijua nimeandika, kitaitishwa kikao.

Nacheka kwa sababu mtoto analia chumbani na mimi nipo wa kumnyonyesha. Wataalamu wa uzazi wanasema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Kule kwa kwanza hutokea sebuleni kwetu, kwenye viti vyetu, na hakuna waziri wa kuondoa kuchelewa huko. Nchi imesogea sana: utafiti wa taifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104, wanaojifungulia kwenye vituo wakapanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Kati ya wanaobaki nje ya hesabu hiyo nzuri wapo ambao hawakukosa hospitali ya kuchagua. Walikosa uamuzi uliofanywa mapema, mchana, na mwenye tumbo akiwa kati ya waamuzi.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama wakwe, kaeni kikao mwezi wa saba, mwacheni mjamzito azungumze wa kwanza, na asomewe ukurasa ule wa kadi kabla ya jina la hospitali yoyote kutajwa. Fedha ya usafiri isiguswe hata kwa ng’ombe. Begi lifungwe kwa kufuli. Ikifika usiku mambo yakaharibika, namba ni 115, hailipiwi, na yeyote mwenye simu anaweza kuipiga bila kungoja mwenyekiti.