Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari: Wazee wetu wanaomba kusikia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Teleposta Towers,
Nairobi.

KUH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU SAUTI YA RUNINGA MAJUMBANI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nakuru, jiji la nne la Jamhuri yetu tangu Desemba 1, 2021. Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua meza yako imejaa mambo mazito ya taifa, na najua fundi wa runinga wa mtaani hana cheo cha kumsimamisha Waziri njiani. Lakini jambo lenyewe liko chini ya dhamana yako, na wanaolihitaji zaidi ni wazee ambao hawataandika barua. Kwa idhini yako, naomba niwasemee.

Kwa kuwa wakati wako ni wa Wakenya wote, nitatanguliza ombi kisha nieleze sababu. Tunakuomba uhakikishe kwamba Mkenya anayewasha runinga anayasikia maneno yanayosemwa, na kwamba akilazimika kununua kifaa cha kumsaidia kusikia, boksi la kifaa hicho limwambie ukweli.

Niliitwa kwa nyanya mmoja wa Bahati aliyeamini runinga yake imeharibika. Ilikuwa ya inchi 32, imetundikwa kwenye ukuta wa mawe, karibu igusane na kabati lililofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Nilipopitisha kiganja chini ya runinga nilihisi sauti ikigonga vidole. Matundu ya spika yalitazama chini, na kile kitambaa kizito kiliimeza sauti kabla haijafika kwenye kochi. Runinga ilikuwa nzima kabisa. Taarifa ya habari ya saa moja jioni ilipoanza, nyanya alishika rimoti kwa mikono miwili. Akaongeza sauti ili amsikie msomaji, akaipunguza mbio matangazo ya biashara yalipoingia, kisha akaiongeza tena. Mvua ilipoanza kupiga mabati, msomaji akabaki kuchezesha midomo tu.

Mheshimiwa, naomba ulipime hilo kwa uzito wake. Mkulima wa Njoro hungoja kusikia bei ya gunia la mahindi, na wa Molo hungoja habari za viazi. Tarakimu moja ikimponyoka, atauza kwa hasara. Na katika kaunti yetu iliyozika watu wake baada ya mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 29, 2024, utabiri wa mvua si wa kusikilizwa nusunusu. Msimu ambao onyo linahitajika zaidi ndio huo huo ambao mabati hupiga kelele zaidi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wazee wetu wako tayari kulisikia la mkuu, mradi liwafikie masikioni.

Chanzo cha shida kinaeleweka, na kwa ruhusa yako nitakieleza. Runinga za zamani zenye kisogo zilikuwa na nafasi ya kutosha kuweka spika iliyomtazama mtu usoni. Hizi nyembamba za leo zimeficha spika ndogo chini au nyuma, mara nyingi za wati 5 hadi 10 kila upande, na sauti hugonga meza au ukuta kwanza. Irabu zina nguvu, kwa hiyo hufika. Kinachopotea ni sauti nyepesi kama s, f, sh na th, ambazo sehemu kubwa yake huwa kati ya takriban hezi 2,000 na 8,000. Hizo ndizo zinazotofautisha neno na neno: zikififia, “amefika” na “ameshika” huwa kitu kimoja. Masikio nayo, umri unaposonga, huanza kupoteza masafa hayo hayo ya juu. Ndiyo maana kuongeza sauti hakumponyi mzee. Huongeza mvumo na muziki, na maneno yakabaki gizani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kwamba kufikia 2050 karibu watu bilioni 2.5 duniani watakuwa na upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Hawa wetu wa Bahati na Subukia tayari wanao.

Naomba pia kukiri wema uliotendwa. Mwaka wa 2015, Serikali ilipotuhamisha kutoka analojia hadi dijitali, wananchi walitii. Walijinyima, wakanunua ving'amuzi, na picha ikawa safi. Tunashukuru kwa dhati. Sasa tunaomba sauti nayo ipewe heshima iliyopewa picha.

Kwa sasa, dawa ninayowapa wateja ni saundiba ndogo, ile spika nyembamba ndefu inayolazwa mbele ya runinga. Naomba uvumilivu wako nieleze ninavyowashauri, kwa sababu katika ushauri huo utaona mahali ambapo mkono wa Serikali unahitajika.

Huwaambia kwanza watazame nyuma ya runinga kabla ya kuingia dukani. Wakiona tundu la HDMI lenye maandishi ARC, basi waya mmoja utatosha, na rimoti ya runinga itaongoza saundiba pia. Mpango huo umekuwepo tangu 2009, kwa hiyo hata runinga nyingi za mtumba zinao. Wasipoliona, watafute tundu la waya wa mwanga, au lile dogo la milimita 3.5. Bluetooth naiweka mwisho, kwa sababu mara nyingi sauti huchelewa, mdomo wa msomaji ukatangulia neno, na mzee anayesaidiwa na kutazama midomo akazidi kuchanganyikiwa.

Pili, wapime. Runinga ya inchi 32 ina upana wa sentimita 70 na kitu, hivyo saundiba ya sentimita 40 hadi 60 inakaa vizuri chini yake. Kimo chake kisizibe jicho la rimoti. Kwa sebule ya futi 12 kwa 12, wati 30 za kweli zinatosha kabisa. Mwenye uwezo zaidi atafute yenye spika ya katikati, maana maneno mengi hupitia hapo, na yenye kitufe cha kukuza mazungumzo.

Tatu, wasikubali kuchezewa muziki dukani. Mdundo mzito humlaghai mnunuzi yeyote. Wamwombe muuzaji kwa adabu afungulie taarifa ya habari, apunguze sauti mpaka iwe ya chini, kisha wasikilize kama kila neno linafika. Hicho ndicho kipimo.

Wapo wanaopendelea wufa kubwa kwa sababu bei inakaribiana. Lakini katika ploti za Kaptembwa na Rhonda ukuta mmoja hugawa familia mbili, na mdundo wa chini ndio unaopenya ukuta kwa urahisi. Saundiba iliyoelekezwa kwenye maneno humpa mzee habari zake na kumwachia mtoto wa jirani usingizi wake.

Ikifika nyumbani, iwekwe ukingoni mwa kabati, usawa wa masikio ya aliyeketi kadiri inavyowezekana, isisukumwe ndani ya rafu, wala isifunikwe kitambaa hata kiwe kizuri namna gani. Spika za runinga zizimwe kwenye mipangilio ili sauti mbili zisigongane. Waya ukiwa sawa na sauti isitoke, sauti ya kidijitali iwekwe kwenye PCM. Mvua ikianza, kibonyezwe kitufe cha mazungumzo kabla ya kuongeza sauti. Na kwa kuwa stima hukatika na kurudi kwa kishindo, pachikwe kilinzi cha umeme. Yule nyanya wa Bahati tulimfungia saundiba ya namna hiyo, na siku hizi rimoti hulala mezani mpaka matangazo ya biashara yaingie.

Hapa ndipo ombi langu linapoanzia, Mheshimiwa, kwa sababu ushauri huu wote huanguka mahali pamoja: kwenye boksi. Boksi la spika ya ukubwa wa mkono huandikwa wati elfu na zaidi, kwa kipimo kiitwacho PMPO, ambacho hakina kanuni moja ya kukipima. Kifaa cha ndani hutoa wati chache tu za kuendelea, zile zinazoitwa RMS. Mzee aliyeuza kondoo ili asikie habari hana njia ya kujua. Tume ya Biashara ya Marekani iliweka kanuni kuhusu vikuza sauti vya nyumbani mwaka wa 1974: anayetangaza wati lazima aseme zimepimwaje. Nasi hatuhitaji kwenda mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua, na kifungu cha 57 kinaiagiza Serikali iwawezeshe wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Asiyesikia anashiriki vipi?

Jambo la pili ni rimoti ya yule nyanya. Saundiba bora kuliko zote haiwezi kusawazisha kipindi kilichorekodiwa chini na tangazo la biashara lililorekodiwa juu. Kazi hiyo ni ya kituo. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliweka mwaka wa 2010 kiwango cha LUFS -23, kipimo cha jinsi sikio linavyouhisi ukubwa wa sauti, ili vipindi na matangazo vilingane. Marekani ilipitisha sheria mwaka huo huo, ikaanza kutekelezwa Desemba 2012, inayozuia tangazo la biashara kuzidi sauti ya kipindi. Vipimo vyenyewe vimo katika programu za kuhariri sauti ambazo hata kijana wa studio ndogo hapa Nakuru anazo kwenye kompyuta yake.

Na nchi hii inajua usemaji safi ni nini. Marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kipindi cha “Je, Huu ni Ungwana?” mwaka wa 1966 na kutuacha Februari 2025, alisikika neno kwa neno kupitia redio ndogo yenye spika moja. Alitamka taratibu na kwa ufasaha, na spika ile ilimtazama msikilizaji. Tulifundishwa ungwana kwa sauti iliyosikika. Hatuombi kitu kigeni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, kwa unyenyekevu mkubwa naweka mbele yako maombi matatu.

La kwanza, ukubali kuketi na mwenzako wa Biashara, ili Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lihakikishe kila spika, saundiba na runinga inayouzwa nchini imeandikwa wati za RMS kwenye boksi, kwa herufi zinazosomeka, na kwamba maandishi ya PMPO hayamtangulii mnunuzi machoni. Shirika hilo limekuwa likisimamia ukaguzi wa bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini tangu 2005, kwa hiyo njia ipo.

La pili, Mamlaka ya Mawasiliano ipime hewani ukubwa wa sauti ya taarifa za habari na ya matangazo ya biashara, kituo kwa kituo, na matokeo yachapishwe kwa umma. Wenye vituo ni watu wa heshima. Naamini wengi watarekebisha kwa kuona tu jina lao kwenye orodha.

La tatu, shirika letu la utangazaji, KBC, lionyeshe njia. Maonyo ya mvua, bei za mazao na matangazo ya Serikali yasomwe bila muziki chini ya maneno, taratibu, huku maandishi yakipita chini ya skrini kwa Kiswahili. Hilo halihitaji bajeti mpya, linahitaji agizo tu.

Sitarajii yote yatimie kwa siku moja, wala siombi jibu la haraka kwa mtu mwenye majukumu kama yako. Lakini kama maafisa wako wangependa kuona tofauti kati ya boksi na kilicho ndani yake, niko tayari kufika Nairobi kwa nauli yangu siku yoyote watakayochagua, na mita yangu ya kupimia, nifungue spika mbele yao na wasome tarakimu wao wenyewe. Orodha ya tutakayoyapima nitaituma mapema, ili wakati wao usipotee.



Wako mtiifu,

Fundi wa redio na runinga,
Nakuru.