Taya Linaloalika

Mabibi na mabwana, wenye meno na mliobakiwa na fizi, asanteni kwa kusimama nilipoingia. Naambiwa mmesimama kwa sababu viti havijaletwa, lakini heshima ni heshima.

Mimi ni bingwa wa kiungo cha taya, ubingwa nilioupata bila kusumbua chuo chochote. Taya langu la kulia linaalika. Halialiki watu harusini, la, linaalika ko! kila nikitafuna muhogo, mpaka mke wangu huuliza nani anabisha hodi. Miaka kumi na miwili nalisikiliza. Daktari gani amesoma miaka kumi na miwili bila likizo?

Wekeni kidole mbele ya sikio, mfungue kinywa. Hapo pana kichwa cha mfupa wa taya, kimekaa katika kishimo cha fuvu, na katikati yake kisahani cha gegedu, mfano wa mto wa kukalia. Kisahani kikiteleza mbele, kisha mfupa ukikirukia, ndiyo ko. Wewe kijana wa nyuma, sasa funga kinywa.

Msimamo wangu ni huu: mtoto asifungwe waya za meno kabla ya kupigwa kila picha iliyopo duniani. Mpwa wangu alipopelekwa kunyooshwa meno, daktari alimpiga eksirei moja tu, ile ya mashine inayomzunguka mtu kichwa. Kisha akaanza maswali: taya linauma? Liliwahi kukwama? Akambonyezabonyeza mashavu, akamwambia aingize vidole vitatu kinywani. Vikaingia. Akasema yatosha. Picha moja! Jamani, hata fomu ya kuomba kazi hutaka pasipoti mbili!

Akajitetea. Eti eksirei huonyesha mfupa, kisahani hakionekani. Eti siti skani huonyesha mfupa vizuri zaidi lakini ina mionzi, na mtoto hamwagiwi mionzi kwa udadisi wa mjomba. Eti anayetaka kukiona kisahani apige MRI, kinywa kikiwa kimefumbwa na kikiwa wazi, na hiyo huombwa pale tu jibu lake litakapobadili matibabu. Nilimsamehe, bado kijana.

Ili kumwaibisha, nikapiga MRI yangu kwa fedha za ada ya shule. Majibu: kisahani kimeteleza! Nikambwagia mezani. Akauliza, kunauma? Hakuumi. Kinywa kinafunguka? Vidole vitatu, na chapati juu yake. Akasema basi mzee nenda nyumbani, kwani hata kati ya watu wasio na malalamiko yoyote, kama mmoja kwa kila watatu huonekana hivyo kwenye MRI. Mnasikia? Theluthi ya taifa ni wagonjwa na wanakula mishikaki! Humu tuko sitini. Ishirini wenu mmekwisha. Mama wa kitenge cha njano, sura yako siipendi.

Jirani yangu ana binti anayeamka na maumivu ya taya kila siku za mitihani. Picha zake safi. Wakasema ni misuli, anasaga meno usiku, na misuli iliyochoka haina cha kuonyesha kwenye picha. Nikashauri apigwe nyingine.

Tena msinitajie gharama. Mwaka 1896, Mjerumani Otto Walkhoff alivumilia mionzi dakika 25 apate picha ya meno yake mwenyewe. Na huko Michigan, mwaka 1987, mahakama ilimtoza daktari wa kunyoosha meno dola zaidi ya laki nane, kwa madai kwamba matibabu yake yaliharibu kiungo cha taya cha mgonjwa. Wenzake wakashtuka, wakagharimia utafiti, na ulichoonyesha ni kwamba kwa jumla waya haziyaleti maradhi haya wala haziyaponyi. Sasa kama haziyaleti wala haziyaponyi, kinachobaki ni nini kama si picha?

Maswali? Naona dada wa chumba cha eksirei ameisogelea picha yangu hapa ukutani. Sogea, mwanangu, usiogope elimu. Unasemaje? Kisahani kilichoteleza ni cha kushoto? Cha kulia, kule kunakoalika, kiko mahali pake?

Kumbe ninayo mawili. Andikeni hiyo.