Kodi ya Umbea

Julai 2018 serikali ya Uganda iligundua mgodi usiohitaji hata sururu: midomo ya wananchi. Rais Museveni alishalalamika kwamba mitandaoni kumejaa lugambo, yaani umbea. Basi umbea ukapangiwa bei. Shilingi 200 kwa siku, ulipe kwanza kwa simu, ndipo WhatsApp ifunguke. Umbea wa kibarazani ukabaki bure, nadhani kwa kuwa kibaraza hakina laini.

Watu wakakimbilia VPN. Simu ya muuza ndizi wa Kampala ikawa inaapa kuwa iko Uholanzi, na ndizi zile pale mbele yake. Aliyelipa ni yule asiyejua njia ya panya.

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafunga akaunti za watu wa upande wa serikali. Serikali nayo ikaifunga Facebook. Jino kwa jino, na kibogoyo akawa mteja.

Julai mwaka huohuo kodi ya umbea ikafutwa. Ikaja ya asilimia 12, kwenye bando lenyewe. Sasa hata anayesoma Biblia kimyakimya mtandaoni analipa kama mmbea.