Haipo Stoo

Mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi ana tarehe mbili za kuogopa kila mwezi. Tarehe 7 ni ya kodi ya mishahara, tarehe 20 ni ya ritani ya VAT, na aliyezipanga hivyo hakuwa msomaji wa riwaya. Unaanza kitabu mwezi ukiwa mchanga, unafika mahali bibi harusi ametoweka usiku wa kuamkia ndoa, tarehe 7 hiyo. Ukija kukirudia umeshasahau alikuwa anaolewa na nani. Unaanza tena ukurasa wa kwanza, unapata mwendo, unaanza kumshuku mjomba, mara tarehe 20 imekaa mezani na kompyuta inazungusha kiduara hadi usiku. Nyumbani nina riwaya nyingi ambazo sura zake tatu za mwanzo nazijua vizuri kuliko waliozitunga. Kwa upande wangu, humo hakuna mtu aliyewahi kukamatwa.

Duka liko Gerezani, Kariakoo. Tunauza nondo, bati, saruji, misumari na rangi, nami nakaa nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia fedha. Droo ya juu ya meza yangu ina vitabu vya ankara. Droo ya chini nayo ilitakiwa iwe na vitabu vya ankara. Siku tajiri alipoifungua kutafuta stepla alikutana na *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi. Akaigeuza huku na huku, akasoma jalada kwa makini, akaniuliza: "Hili kasri linajengwa wapi? Bati wameshachukua?"

Nikiona mambo yamenizidi huwa nawakumbuka makarani walionitangulia. Shaaban Robert aliingia forodhani mwaka 1926, akakaa huko hadi 1944, kisha akapita idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na ofisi ya upimaji ardhi. Vitabu vyote vile vimetoka kwa mtu aliyekuwa na bosi. Najaribu kumwona yuko forodhani Pangani, jahazi limeegesha, nahodha anasubiri karatasi yake, na karani mwenyewe kainamisha kichwa anatafuta kina cha mwisho. Ningetoa fedha nzuri kujua yule nahodha alisema nini. Muhammed Said Abdulla naye, kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti mwaka 1948, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya Zanzibar, na mimi nina imani yangu binafsi kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa, alianzia huko. Bwana afya ndiye mtu pekee anayeruhusiwa na serikali kuingia uani kwa watu, kufunua mitungi na kuuliza maswali ya kuudhi.

Anayenitesa ni Mwalimu Nyerere. Nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, kazi zimejaa hadi darini, naye mwaka 1963 anatoa tafsiri ya *Julius Caesar*. Mwaka 1969, baada ya Muungano, baada ya Azimio la Arusha, anatoa *Mabepari wa Venisi*. Kila nikilalamika nyumbani kwamba sina muda wa kuandika, mama watoto hunitajia Mwalimu. Mwalimu alikuwa na nchi, mimi nina duka. Nimejaribu kumweleza kwamba Mwalimu hakuwa anapanda daladala za Mbagala, lakini hoja hiyo haijawahi kupita.

Maana daladala ndiyo maktaba yangu. Jioni, pale Kariakoo, gari likitokea watu hulipokea kabla halijasimama. Wenye miili myepesi hupita dirishani. Sisi wenye vitambi na heshima hurusha kitu kwenye kiti, leso au mfuko au kofia, halafu tunazunguka mlangoni taratibu tukijua nafasi imeshikwa. Siku moja sikuwa na kingine mkononi nikarusha riwaya ya yule mpelelezi Willy Gamba. Nilipofika ndani nikakuta jamaa amekaa kwenye kiti changu anaisoma. Nikamwambia kwa adabu kwamba kaka, hiyo nimewekea nafasi. Akanijibu bila kuinua macho: "Nafasi chukua, kitabu niachie." Na nafasi hakunipa. Nilisimama hadi Mtongani nikisoma juu ya bega lake, naye ana tabia ya kufunua ukurasa mapema. Ikabidi nimwombe asubiri. Mama mmoja aliyesimama nyuma yangu akasema nami nisubiri.

Konda wa njia yetu ni msomaji pia, na huyo ni hatari zaidi. Kuna jioni nilizama kwenye hadithi ya mauaji ya hotelini, gari likapita Zakhem na mimi nimo tu, roho juu, nimebakiza kurasa chache. Konda aligonga bati, akaninyooshea kidole: "Mzee wa kitabu, kituo chako kimepita. Na muuaji ni daktari. Shuka." Nilitembea kurudi nyuma barabara ya Kilwa gizani nikimchukia daktari, nikimchukia konda, na nikimsikitikia kidogo mwandishi, aliyehangaika na kurasa mia mbili kuficha jambo ambalo limefichuliwa bure na mtu mwenye chenji mkononi.

Lakini kitabu kilichonigharimu kuliko vyote nilikila na karanga. Pale jirani na duka letu kuna kijana anauza karanga za kukaanga, anafunga kwenye karatasi iliyopindwa pembe. Kwa kawaida karatasi ni mitihani ya wanafunzi, na mara nyingi nimetafuna huku nikisikitika juu ya alama za mtoto wa watu katika jiografia. Siku hiyo nikafungua nikakuta ukurasa wa riwaya. Mwanamke anaitwa ndani na mama mkwe, mlango unafungwa, ukurasa umeisha. Nikarudi kununua nyingine. Nikapewa ukurasa wa mbele mno, mama mkwe ameshalazwa Muhimbili na hakuna anayesema kwa nini. Nikanunua tena. Mchana ule nilikula karanga za watu wanne, nikapata kurasa zisizofuatana, kisa kikawa kinakwenda mbele na nyuma kama zile riwaya ambazo wasomi huzisifu. Kijana wa karanga hakuchelewa kunielewa. Kesho yake nilipouliza kama mzigo ule bado upo, akanitazama kwa huruma ya mfanyabiashara. "Upo, broo. Ila za mitihani ni mia mbili, za kitabu ni mia tatu." Nikalipa. Ukurasa wa mwisho sikuupata. Alikuwa amemfungia jamaa wa benki, na jamaa wa benki, nilipomfuata, alisema ameufutia mikono.

Kuandika nako kuna vituko vyake. Waandishi wengi wamesimulia kwamba siri ni kuamka alfajiri, nyumba imelala, akili ni safi. Wanakokaa hao bila shaka maji hutoka mchana. Kwetu bomba hukohoa saa kumi kasoro, na likikohoa mtaa mzima unaamka na ndoo. Nilikaa mezani alfajiri moja nikaandika sentensi nzuri sana juu ya ukimya wa usiku, na kabla sijaweka nukta nikasikia kutoka uani: "Baba watoto, kwa kuwa uko macho!" Tangu hapo mimi ndiye mjaza mapipa. Hadithi haijaendelea, ila nyumba yetu haijawahi tena kukosa maji.

Kwa hiyo naandikia kazini, pembeni mwa kazi, kwenye karatasi inayokuwa karibu. Hivyo ndivyo Rehema alivyoingia kwenye delivari noti. Rehema ni mhusika wangu, binti anayetaka kuvuka kwenda Kigamboni bila kwao kujua, na siku hiyo nilikuwa nimekwama kwa sababu sikujua atalia au hatalia. Wakati huohuo mteja anasubiri, kirikuu inaunguruma nje, naandika mzigo: nondo milimita 12, vipande arobaini, saruji mifuko thelathini, misumari ya inchi nne, kilo kumi. Jibu likanijia hapohapo, mkono ukashuka mstari wa nne: machozi ya Rehema.

Mzee wa stoo ni mtu mwaminifu. Hatoi kitu kisichoandikwa na hakatai kilichoandikwa kabla ya kukitafuta. Naambiwa alikwenda hadi nyuma, kwenye rafu za vitasa, akarudi, akaandika mbele ya mstari ule kwa mwandiko wake wa duara: *Haipo stoo. Itafuata.* Mzigo ukavuka pantoni. Msimamizi wa saiti akahesabu nondo, akahesabu mifuko, akasaini, na kwenye mstari wa nne akaandika: *Tunasubiri.* Kufika jioni simu ililia. Alikuwa injinia, anaongea kwa heshima ya mtu asiyependa kuonekana mshamba. Alitaka kujua hiyo Machozi ya Rehema ni rangi ya ndani au ya nje, na inauzwa ndoo ya lita ngapi. Nikamwambia ni ya ndani. Hadi leo anaiulizia.

Habari kama hizo hazikai ndani ya duka. Mtaani nilishajulikana kuwa mtu wa kuandika, na ukijulikana hivyo Uswahilini umekwisha. Hakuna anayetaka kusoma unachoandika. Wanataka uwaandikie. Nimeandika barua za kuomba mkopo, barua za posa, risala ya wahitimu wa darasa la saba, na katika kila kamati ya harusi mimi ni katibu kabla sijaketi. Jirani yetu mmoja alipofariki wakaniletea kazi ya wasifu wa marehemu. Nami nikaona hapa ndipo pa kuonyesha sanaa. Nikaandika, pamoja na mengine, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kutoa bila kuhesabu. Msomaji alipofika hapo sauti ikatoka nyuma ya turubai: "Kweli, na za kwangu hakuhesabu." Wakasimama wengine. Wasifu ukageuka kikao cha wadai, na kwa kuwa mimi ni mhasibu wakaniomba nikae pembeni niorodheshe.

Msomaji ataniuliza kwa nini nisingoje likizo. Sheria ya kazi inanipa siku 28, na mwaka uliopita nilizichukua zote mfululizo, nikiwa na *Peponi*, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoifanya Ida Hadjivayanis, na daftari jipya. Asubuhi ya kwanza saa nne nikatoa kiti barazani, nikavaa msuli, nikafungua kitabu. Sikujua kwamba mtu mzima akionekana barazani saa nne siku ya kazi ameshika kitabu, mtaa una maelezo mamoja tu. Jirani wa kulia alipita akanipa pole kwa sauti ya chini. Wa kushoto akaniambia Mungu akifunga mlango hufungua dirisha. Mchana ikaja bakuli ya futari bila mfungo. Jioni mjumbe alifika na kijana mwenye bodaboda mbili anayetafuta dereva makini, asiye mlevi. Ilikuwa wema mtupu, na kwa kila mwema ilibidi nifunge kitabu, nisimame, nieleze maana ya likizo yenye malipo, jambo ambalo lilionekana kuwa uongo wa mtu mwenye aibu. Siku Mangi aliponinyima sukari ya mkopo nikajua nimefika pabaya. Nikaazima faili la ofisini, kubwa, la zambarau, nikawa nalikalisha mapajani na *Peponi* ndani yake. Hapo heshima ikarudi, ila mama watoto akatambua kwamba sina kazi ya maana, na paa la choo lilikuwa linavuja.

Nilirudi kazini sijapita sura ya pili. Mchana wa siku hiyohiyo, ankara za mwezi mzima zimepangwa mbele yangu hadi kidevuni, wateja watatu kwenye tundu la kioo, nilisoma kurasa ambazo barazani zilinishinda wiki nzima. Na mwisho wa mwezi, tunatafuta shilingi mia tatu zilizopotea kati ya daftari na benki, kila mtu yuko kimya anapiga kikokotoo, nikavuta karatasi ya ritani iliyoharibika nikageuza nyuma. Rehema akatoka nyumbani. Akafika Kivukoni, sanduku mkononi, pantoni inakaribia gati, anatazama nyuma kama kuna anayemfuata. Nikawa naandika kwa kasi kama mtu anayenakili.

Sikumsikia tajiri. Aliichomoa ile karatasi chini ya mkono wangu, akaisogeza kwenye taa, akasoma yote, midomo ikicheza. Nikatayarisha maelezo. Akavua miwani.

"Huyu Rehema tunamdai kiasi gani?"

Nikasema kiasi si kikubwa.

"Hata kama," akasema, ameshaufuata mlango na funguo za gari mkononi. "Mtu yuko Kivukoni na sanduku, wewe umekaa unaandika? Mpigie sasa hivi, kabla hajavuka."