Utangulizi wa Elimutoro: Ainisho la Vipuri Vinavyoikimbia Saa

Mwanafunzi, keti, uzime feni. Umekuja kujifunza kufungua saa ya mkono ya kutia ufunguo, uisafishe, uitie mafuta na kuifunga, kwa kujiburudisha tu siku za mapumziko. Waliokutangulia walidhani somo hili linahusu saa. Saa ni jambo dogo. Somo ni utoro wa vipuri, yaani elimutoro, ambayo bila hiyo binadamu asingeijua sakafu ya nyumba yake.

Fasili. Kipuritoro ni kipande chochote ambacho sasa hivi tu kilikuwa kwenye kibano. Kisichanganywe na kipurifichi, kilichopo pale pale mezani ila hukioni. Tofauti ni ya kimsingi: cha kwanza hutafutwa kwa huzuni, cha pili kwa hasira.

Kielelezo. Anza na mashine ya Unitas 6497, ambayo siku hizi hutengenezwa na ETA. Ilibuniwa kwa saa za mfukoni, kipenyo chake ni milimita 36.6, na vipuri vyake vikianguka walau vinasikika. Saa ndogo za kike ni za wenye shahada ya uzamivu. Andaa bisibisi za ncha ya milimita 0.8 hadi 1.6, kibano, lenzi ya jicho, na aproni ambayo pindo lake la chini utalibana kwenye ukingo wa meza. Tangu hapo mapaja yako si mapaja tena, ni uwandapokezi.

Aina ya 1: Kibingirizi. Ni skrubu. Kwa kuwa kichwa chake ni kipana kuliko mwili, haiendi moja kwa moja, hukata kona. Kikomo chake ni chini ya kabati. Hapa hapana mjadala.

Aina ya 2: King'ang'anizi. Kibano kikishapata sumaku, kila ukiiweka skrubu mahali pake, inarudi nacho. Baadhi ya wanazuoni huuita utoro huu mapenzi. Sisi tunakisafisha kibano sumaku.

Aina ya 3: Kifyatuzi. Vua kofia, mwanafunzi, hapa ndipo kwenye kiini. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba nguvu ya springi hulingana na inavyovutwa. Akaacha lililo muhimu: itaangukia wapi. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu yoyote, legeza springi kuu: shika kichwa cha ufunguo kwa vidole, sukuma kando kile kijino kinachozuia gurudumu lisirudi, kisha kiache kichwa kizunguke polepole mkononi mwako. Asiyefanya hivyo huitawanya saa nzima kwa pigo moja, na hilo si utoro, ni uhamaji wa ukoo.

Hatari zaidi ni kile kispringi cha kukinga mshtuko, chenye umbo la kinubi, juu ya kito cha gurudumu la mizani. Ukikigusa vibaya: fyatu! Hapo tunatenga vifyatuzi-sikivu, vilivyogonga ukuta, na vifyatuzi-kimya, vilivyotua kwenye kitambaa, ndevu au chai. Kifyatuzi-chai kinastahili kitabu chake. Tiba: fanya kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mikono yote miwili ikiwa humo. Ukishachelewa, zima taa, laza tochi sakafuni, utafute kivuli, maana kivuli cha kipuri ni kirefu kuliko chenyewe.

Aina ya 4: Kilevi. Vijiwe vya nanga ya saa hushikiliwa kwa gundi ya shelaki, nayo shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Nanga isafishwe kwa benzini. Ukiitumbukiza kwenye spiriti, kijiwe kitachomoka chenyewe, na hii ndiyo aina pekee inayotoroka kwa kulewa.

Aina ya 5: Kisalizi. Umekwisha kuifunga saa, inatembea, unaisikia ikipiga, na mezani kumebaki kipande. Wenzangu wanakataa kukiita kitoro kwa kuwa hakijaenda popote. Nashikilia kwamba saa ndiyo iliyokitoroka, na sitarudi nyuma katika hili.

Somo lijalo ni zulia. Kila mmoja aje na lake.