Shangazi wa Stendi: Treni Haina Kosa, Mwanangu

Barua za mwezi huu zote zinanuka dizeli. Ni moja tu iliyogusa mapenzi, na hayo mapenzi yenyewe yamekwama Kimara. Tuanze.

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kibamba, kazi zangu ziko Morogoro. Treni ya SGR ya asubuhi nimeikatia tiketi mara nyingi kuliko nilivyoipanda. Kila nikifika Stesheni geti limeshafungwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nikipita Mbezi naona mabasi ya Morogoro yanapakia, nami nayapa mgongo, nakwenda mjini kuifuata treni itakayonirudisha nilikotoka. Nimerogwa?*
Mchovu wa Kibamba

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa. Hakuna mganga anayeweza kumtoa mtu Kibamba, akampitisha Mbezi, Kimara, Ubungo na Magomeni, ili tu apate nafasi ya kurudi magharibi. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa mipango.

Treni haina deni kwako. Tangu ilipoanza kubeba abiria, Juni 2024, inakwenda kwa umeme hadi kilomita 160 kwa saa, na chini ya saa mbili iko Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Inaondoka kwa saa yake, jambo ambalo taifa zima bado halijalizoea. Wewe wakati huo uko Magomeni, umesimama kwa mguu mmoja, konda anapiga kelele "sogea nyuma kuna nafasi", na nyuma hakuna nafasi, kuna mama mwenye ndoo ya samaki ambaye naye anaambiwa asogee mbele.

Zamani, mabasi ya mikoani yakiondokea Ubungo, mji na safari vilikuwa jirani. Februari 2021 stendi kuu ya Magufuli ikafunguliwa Mbezi Luis, ili mabasi makubwa yasiingie katikati ya jiji. Wazo zuri. Baadaye ikaja stesheni ya SGR, ikawekwa katikati ya jiji, ili abiria wafikishwe mjini. Wazo zuri pia. Mawazo mazuri mawili yamewekwa mbali kama kilomita 20, na katikati yake umewekwa wewe na begi lako.

Ushauri wangu ni huu. Treni ya kawaida husimama Pugu; ile ya haraka haikujui, kwa hiyo soma tiketi vizuri kabla ya kulipa. Kutoka kwako kata kwa Malamba Mawili na Kinyerezi, uibukie Gongo la Mboto, kisha upandie treni Pugu. Utachafuka kidogo na utabadilisha magari, lakini hutaiona Magomeni. Siku ambayo hata hilo limeshindikana, shuka Mbezi, panda basi, nyamaza. Bosi akikuuliza, mwambie umekuja na treni. Hatakagua matairi.

*Shangazi, mimi ni mpenzi wa reli. Nimeitazama ramani nikaona reli ya kati na TAZARA zinakaribiana pale Morogoro kusini. Kwa nini nisipande SGR Dar, nibadilishe treni mbele kidogo, niendelee hadi Mbeya bila kugusa basi?*
Mtazama Ramani, Mbalizi

Mwanangu, ramani imeumiza wengi. Yule anayeichora hana begi.

Nchi yetu ina reli za aina tatu, na hakuna behewa linaloweza kupita kwenye zote. Ya kwanza waliianza Wajerumani hapa Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914; upana wake mita moja kamili. Ya pili ni TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina na kukamilika 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Hiyo ilipewa milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na nchi za kusini. Ya tatu ndiyo SGR, milimita 1,435. Tofauti ya ile ya Mjerumani na TAZARA ni milimita 67, yaani vidole vinne vya mkono wangu. Kwa vidole vinne hivyo, pale Kidatu zinapokutana, mizigo huhamishwa kutoka reli moja kwenda nyingine. Lakini huko kunahudumiwa makontena, na wewe, kwa jinsi ulivyoandika, una miguu.

Ukisema ubadilishe treni hapa hapa Dar, karibu. Stesheni ya SGR iko mjini, ya TAZARA iko makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na treni ya kukutoa hii hadi ile hakuna, kuna daladala. Ukifika pale tazama juu. Utaliona daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018 ili magari yasisubiriane. Magari yamepewa daraja. Wewe utapita chini yake unaburuta begi la magurudumu, gurudumu moja limeng'oka, na bodaboda watatu wanakuita "mjomba" kwa wakati mmoja.

Nimekwambia yote haya si kwa kukuvunja moyo. Endelea kuipenda reli. Ila tiketi ya Mbeya kaitafute Mbezi Luis.

*Shangazi, mume wangu hutoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, nyumbani Kimara hufika saa nne usiku. Akiulizwa anasema ni foleni ya mabasi ya mwendokasi. Nimwamini?*
Mwenye Mashaka

Mnuse shati. Likinuka jasho la watu kumi na wawili, manukato ya dada mmoja asiyemjua na mahindi ya kuchoma, mpe maji ya kuoga na chakula, mumeo ni mkweli. Likinuka sabuni, niandikie tena.

*Shangazi, sabalkheri. Nilitoka Nairobi kuja Mombasa kwa treni ya usiku. Ratiba yasema hufika Miritini 03:30. Nikampigia binamu yangu wa Kisauni, nikamwambia anipokee saa tatu unusu. Alikuja kweli, saa tatu unusu ya asubuhi, mie nishaumwa na mbu hadi basi. Sasa hatusemezani. Nani mwenye makosa?*
Msafiri wa Pwani

Makosa ni yako, mwanangu, na binamu yako muombe radhi leo leo. Mtu aliyeamka, akavuka daraja la Nyali, akafika Miritini kwa saa uliyomtajia, huyo ni wa kutunzwa. Ungesema saa tisa unusu usiku angekuelewa. Pengine asingekuja, lakini angekuelewa.

Halafu nikuulize, hiyo saa tisa unusu ulipanga kufanya nini? Treni yenu ya Madaraka ilipoanza 2017 ilipewa stesheni nje ya miji yote miwili. Upande wa Nairobi waliona hilo ni tatizo, wakaweka treni ndogo ya kuwatoa abiria Syokimau hadi stesheni ya zamani mjini. Huko kwenu, usiku ule, anayekungoja ni dereva wa tuktuk, na bei ya saa tisa usiku haina undugu. Safari nyingine panda ya mchana. Ukilazimika kuja na ya usiku, usitoke mbio mbio kama wenzio. Kaa stesheni, fungua kitabu, wache wenye haraka walipe bei ya haraka. Alfajiri matatu zikianza kuita, toka. Ukifika Kisauni nunua mahamri ya kutosha, upeleke kwa binamu.

*Shangazi, nilishuka SGR Morogoro jioni, nikachukua bajaji kutoka Kihonda hadi stendi ya Msamvu kutafuta gari la Ifakara. Nikaikuta Coaster imejaa karibu siti zote, mpiga debe anasema "bado mmoja tunaondoka". Nikalipa, nikakaa. Basi akashuka kaka aliyekuwa anasoma gazeti. Akafuata dada aliyekuwa amelala. Wakashuka mmoja mmoja, wa mwisho aliniomba nimpishe, kwa adabu kabisa, akaenda kukaa gari la nyuma. Nikabaki mimi na mzee mmoja. Walikuwa akina nani?*
Aliyekaa Dirishani

Hao walikuwa kazini, mwanangu. Kazi yao ni kukaa. Wao wanalipwa kwa kukaa, wewe unalipa kwa kukaa, na gari ni lile lile.

Kuwatambua si kazi ngumu ukishawazoea. Hawana mzigo. Hawaulizi tunaondoka saa ngapi, kwa sababu wanajua. Miguu yao inaelekea mlangoni. Abiria wa kweli ana mfuko, chupa ya maji iliyobaki nusu, na hasira. Kabla hujatoa hela tafuta wenye hasira. Wakifika kumi, panda. Na huyo mzee mliyebaki naye mwangalie vizuri pia.

Lakini hapa niache utani kidogo, maana barua yako ndiyo iliyoniudhi kuliko zote. Treni inafika Kihonda na mamia ya watu, kwa saa inayojulikana tangu tiketi ilipokatwa. Kati yao wapo wa Ifakara, wa Mikumi, wa Turiani, wa Dumila. Wenye magari wanajua, wapiga debe wanajua, hata muuza karanga anajua, ndiyo maana anachemsha za kutosha. Asiyejua ni ratiba tu. Leseni za njia hutolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ni jambo la kuandika kwenye leseni chache za Msamvu kwamba gari hili litapakia Kihonda, litaondoka dakika ishirini baada ya treni kufika, lijae lisijae. Reli imejengwa kwa mikopo ya mabilioni. Hilo la dakika ishirini halihitaji mkopo wowote, linahitaji watu wa treni na watu wa mabasi wakae meza moja mchana mmoja. Chai nitapika mimi.

Wenye barua zaidi, leteni kabla ya Ijumaa. Wanaoandikia ndani ya daladala wakiwa wamesimama, tafadhali andikeni kwa herufi kubwa.