Namna ya Kuvuka Great St Bernard Bila Kudanganywa na Picha

Kwanza chagua msimu. Barabara ya juu ya pito hili la milima ya Alps, inayopanda kutoka Martigny, Uswisi, na kuteremkia Aosta, Italia, hufunguliwa kiangazi kinapoanza na kufungwa theluji inaporudi. Tangu 1964 kuna handaki la kilomita 5.8 linalopita chini ya mlima. Kama huwahi harusi wala msiba, liache. Lipia mafuta, panda kona kwa kona hadi mita 2,469, penye ziwa na mpaka wa nchi mbili.

Kisha kataa farasi. Utamwona pichani kila mahali, ameinua miguu ya mbele, Napoleon juu yake na joho jekundu likipepea. Ndivyo alivyotaka achorwe, na mchoraji Jacques-Louis David akamchora hivyo. Mei 1800 jenerali huyo alipanda mlima huu juu ya baghala, mtoto wa punda na farasi, akiongozwa na mwenyeji anayeijua njia. Baghala ana akili ya mlima: anaweka kwato anapopaamini. Ukitaka kumheshimu mtu katika safari ile, waheshimu askari wake waliotembea kwa miguu. Walikuwa kiasi cha 40,000, na mizinga waliilaza ndani ya magogo yaliyochongwa wakaiburuta kwa kamba thelujini.

Usimdai mbwa wa St Bernard brandi. Kile kipipa shingoni kilienezwa na mchoro wa mwaka 1820 wa Edwin Landseer, kijana wa Kiingereza. Mbwa wa hapa walikuwa na kazi nzito kuliko kubeba pombe: kunusa njia iliyofunikwa na kumtafuta aliyezikwa na maporomoko ya theluji. Mmoja wao, Barry, aliyezaliwa 1800, anasifiwa kuokoa watu zaidi ya 40. Usimlilie kwa kile kisa cha kuuawa na askari aliyemdhania mbwa mwitu. Alifia uzeeni, jijini Bern, mwaka 1814, na mwili wake umo katika makumbusho ya huko. Wajukuu zake utawasalimia kiangazi, wanapopandishwa juu.

Sasa simama mbele ya nyumba yenyewe, maana hiyo ndiyo iliyokuleta hata kama hukujua. Warumi walijenga hapa hekalu la Jupita, wasafiri wakamwekea vibao vya shaba wakiomba kwenda na kurudi salama. Hekalu likabomoka, hofu ikabaki. Karibu mwaka 1050 Bernard, padri wa Aosta, alianzisha nyumba ya kuwapokea wapita njia, na watawa wamekaa hapo tangu wakati huo, baridi kwa baridi. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wenyeji ndio waliotoka usiku wa dhoruba, na wengine wao hawakurudi, ili mgeni apone. Msafiri hakuulizwa anaenda kuuza jibini, kuhiji au kupigana. Na aliyeletwa amekwisha kufa, asijulikane ni nani, alihifadhiwa katika chumba cha maiti kando ya nyumba, kwa kuwa mwamba haukuruhusu kuchimba kaburi. Baridi ilimtunza hadi ndugu zake waweze kuja kumtambua. Mimi sijui jeshi lililofanya jambo kubwa kama hilo mlimani hapa.

Ukithubutu kuja majira ya baridi, utapanda kwa skii au kwa viatu vya thelujini, ukipitia Bonde la Wafu. Jina hilo halikuwekwa kwa mapambo. Kwa hiyo soma taarifa ya hatari ya maporomoko asubuhi ileile, uwe na mwongozaji, beba koleo na kifaa cha kukutafutia ukifukiwa, na wakikwambia leo hapana, geuka. Ukifika, mlango haujafungwa kwa ufunguo. Vua viatu, kunywa chai utakayopewa, lipia kitanda chako, na kabla ya kulala waambie watawa kama umemwona mtu yeyote nyuma yako njiani.